Transfoma Niliyomchagulia Baba

Wiki iliyopita stabilaiza ya friji la chanjo ilituungulia kazini. Moshi haukuwa mwingi, ila harufu ilijaa chumba kizima. Vanishi ya waya ikiungua hainuki kama plastiki. Mwanzoni ina utamu, kama sukari iliyosahauliwa kwenye sufuria, halafu nyuma ya utamu huo unakuja ukali unaokamata koo. Wenzangu walikimbilia madirisha. Mimi nilikuwa namaliza zamu ndefu, miguu imevimba, nikajikuta nimekaa kwenye benchi la wagonjwa nikivuta ile harufu kama mtu anayevuta hewa ya kwao. Nilikuwa na miaka kumi na moja tena, Tunduma, ndani ya kibanda cha baba.

Baba alikuwa fundi redio. Watu walimwita Fundi Simkoko, na kibanda chake cha mbao kilikuwa hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Madereva walimletea redio zao na kusubiri huku wakila mahindi ya kuchoma. Lakini redio zilikuwa za kutupatia ugali tu. Moyo wa baba ulikuwa kwenye gitaa. Alipiga gitaa la kuongoza katika kwaya ya usharika wetu, na alikuwa na amplifaya yake mwenyewe, ya zamani, ya valvu, aliyoipata kwa mwanamuziki mmoja wa Nakonde aliyeamua kuacha muziki akauze mahindi.

Kwa ambao hamkuzikuta, valvu ni vichupa vya kioo vyenye vyuma vidogo ndani. Ukiwasha, vinapata moto taratibu na kutoa mwanga wa rangi ya machungwa, kama makaa yanayokaribia kulala. Inabidi usubiri kidogo kabla ya sauti kutoka. Mama alisema ile amplifaya inafanana na baba mwenyewe: ukiiita haiitiki hapo hapo. Sisi watoto tulicheka. Ni kweli baba alikuwa wa kuitwa mara tatu ndipo ageuke, na nilidhani ndivyo walivyo wanaume wote wa ukoo wetu, kwa maana babu naye nilisikia alikuwa hivyo hivyo.

Basi Alhamisi moja jioni, kwaya ikiwa kwenye mazoezi, ile harufu ikatoka. Sauti ya gitaa ilififia, ikakohoa, ikanyamaza. Baba alichomoa waya wa umeme, akapindua amplifaya, akainusa kwa nyuma jinsi mama alivyokuwa akinusa samaki sokoni.

"Transfoma ya spika," alisema. "Imekwenda."

Mwalimu Haonga, mwalimu wa kwaya, alishika kiuno. Jumapili ile tulikuwa tunakwenda Ndalambo kwenye uzinduzi wa kanisa jipya. Kwaya yetu ndiyo ingeongoza, na wimbo wa kufungulia ulianza na gitaa la baba peke yake. Tena Ndalambo ndiko kwao baba. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa bado yuko hai, na alikuwa ameshatangazia kijiji kizima kwamba mwanawe atakuja kupiga gitaa mbele ya maaskofu. Aliyekuwa anakuja ni mchungaji mmoja tu, lakini Bibi hakupenda mambo madogo.

Ijumaa nilipotoka shule, nikiwa bado na sare, baba alinichukua tukavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Dada zangu walikuwa wakubwa, wana mambo yao. Mimi ndiye niliyependa kukaa kibandani, na mimi ndiye niliyejua jina la kila kifaa. Tulikwenda kwa mzee mmoja muuza vyuma chakavu tuliyemwita Bashi Mutale, yaani baba yake Mutale, kama Wabemba wanavyoitana. Uwanja wake ulikuwa na kila kitu kilichowahi kufa: redio, majokofu, mota za mashine za kusaga. Ulinuka kutu na mafuta, na jua la saa tisa lilikuwa linarudi kutoka kwenye mabati na kutuchoma usoni.

Tulichakura mpaka kucha zangu zikawa nyeusi. Kuchagua transfoma si kama kuchagua nyanya. Baba alitaka iliyotengenezwa kwa ajili ya valvu, maana kazi yake ni kupokea umeme mkali kutoka kwenye valvu na kuupoza uweze kusukuma spika. Kila aliyoiona aliigusa kwa nyaya za mita, akasoma namba, akatikisa kichwa. Nikamwambia mwalimu wetu wa Kiswahili anasema mchagua jembe si mkulima. Baba alinijibu bila kuinua uso kwamba aliyetunga methali hiyo hakuwahi kulima udongo wa Ndalambo.

Mwishowe zilibaki mbili. Moja ilikuwa ndogo, imetoka kwenye redio ya kabati. Matundu yake ya skrubu yalilingana kabisa na ya ile iliyoungua, kana kwamba ni pacha wake. Nyingine ilikuwa kubwa, nzito kama mtoto wa miezi sita, imetoka kwenye amplifaya ya ukumbi. Hiyo isingekaa mpaka utoboe matundu mapya kwenye chuma.

"Awe, Fundi, chukua kubwa," alisema Bashi Mutale. Awe kwao ni hapana, na mukwai ni neno la heshima. "Ndogo hii ni ya kusikilizia taarifa ya habari, mukwai. Gitaa litaishinda."

"Mita inasema zote mbili zinafaa," baba akasema.

"Mita haina masikio." Mzee akacheka, akazifunga zote mbili kwenye viroba. "Nenda nazo, mukwai. Kajaribu. Utakayoikataa nirudishie Jumatatu."

Baba alibeba chuma cha amplifaya, alichokuja nacho ili kupima, pamoja na transfoma ndogo. Mimi nilitwishwa kubwa. Nilivuka mpaka nimeitwika kichwani, juu ya kata ya sweta langu la shule, na mpaka leo shingo yangu inakumbuka. Kila tuliposimama kupisha mikokoteni ya wavushaji mizigo, nilihisi kichwa kinazama mabegani.

Kesho yake, Jumamosi, nilifua asubuhi, nikachota maji mara nne, ndipo nikaenda kibandani. Baba alikuwa ameshaunganisha transfoma ndogo kwa nyaya za muda, spika iko sakafuni, gitaa liko mapajani. Alisubiri valvu zipate moto, akapiga. Mwanzo polepole, kisha akaongeza sauti mpaka vikombe vikacheza.

Nilisikia. Hapa nataka niwaambie ukweli wote, kwa sababu ndilo jambo linalonifanya niandike. Nilisikia vizuri kabisa. Sauti ikiwa chini, ilikuwa safi. Ikipanda, hasa kwenye nyuzi nene, ulitokea mkwaruzo mwembamba juu ya kila noti, kama nzi aliyenaswa ndani ya kopo la maziwa.

Akabadilisha nyaya, akaweka kubwa, akapiga wimbo ule ule. Sauti ilitoka pana na tulivu, na hata alipoongeza hapakuwa na nzi wala kopo.

Akazima, akanitazama. "Haya, mama. Ipi inalia vizuri?"

Baba aliniita mama kila alipotaka kitu cha maana. Lakini mimi nilidhani ananipima, kama mwalimu anavyokuuliza saba mara nane huku jibu analo mfukoni. Sikujua kama kweli anauliza. Na macho yangu hayakuwa kwenye spika, yalikuwa kwenye keekee ya mkono iliyoning'inia ukutani. Nilijua kazi ya keekee. Kutoboa matundu manne kwenye chuma kile kungechukua mchana mzima, na mimi ndiye ningekishika kisicheze, mikono ikitetemeka mpaka kwenye meno, kisha kulainisha kingo kwa tupa. Na nyuma ya kibanda niliwasikia wenzangu wakiruka kamba.

"Ndogo," nikasema.

"Ndogo?"

"Ndogo, Baba. Inalia vizuri."

Aligonga chuma cha ile kubwa kwa kidole kimoja. "Mimi ningesema kubwa," alisema taratibu. "Chuma kidogo hakibebi mzigo mkubwa. Lakini sikio lako ni jipya." Akachukua bisibisi. Skrubu nne ziliingia kwenye matundu yale ya zamani bila ubishi. Kabla sijahesabu hata mia nilikuwa nje, naruka kamba. Nilichoka upesi, nikakaa pembeni. Kumbe hata mchezo wenyewe sikuwa nauweza siku ile.

Jumapili tuliondoka alfajiri, kwaya nzima nyuma ya lori dogo, amplifaya imefungwa blanketi kama mgonjwa. Kanisa la Ndalambo lilinuka saruji mbichi na rangi. Jenereta lilinguruma nyuma ya ukuta. Bibi alikuwa amekaa benchi la mbele kabisa, kitambaa cheupe kichwani, akimwonyesha jirani yake kwa kidevu: yule pale, ndiye huyo. Mimi nilikaa nyuma yake.

Baba akasimama, akapiga.

Kanisa lilikuwa kubwa kuliko kibanda, kwa hiyo sauti alikuwa ameiweka juu. Yule nzi wa Jumamosi sasa alikuwa nyuki mzinga mzima. Kila noti ilitoka imechanika. Kwanza watu walitazamana, kisha watoto wa benchi la kando wakaanza kucheka, wakiiga ule mkwaruzo kwa midomo. Waimba sauti ya kwanza walikosa pa kushikia, mmoja akaanza juu, mwingine chini.

Na baba alikuwa anatabasamu. Amefumba macho, kichwa kinayumba kidogo kama afanyavyo wimbo ukimkolea. Nilimtazama nikisubiri akunje uso, mtu ambaye zamani alisikia kondensa mbovu ndani ya redio akiwa barabarani. Hakukunja. Mwalimu Haonga alimsogelea, akamgusa bega na kuonyesha sikio lake kwa kidole, kumaanisha, husikii hiyo? Baba akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeelewa, akainama, akaongeza sauti.

Alidhani anaambiwa kwamba watu hawalisikii gitaa.

Bibi aliweka viganja vyake viwili masikioni. Hapo ndipo nilipojua. Hakuna aliyeniambia. Kule kuitwa mara tatu, kengele ya baiskeli iliyokuwa karibu kumgonga sokoni, simu iliyolia kibandani mpaka mteja akaidaka mwenyewe, na lile swali la jana. Vyote vilikuja pamoja. Hakuwa ananipima. Alikuwa ananiuliza.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka saruji mpya chini ya viatu, na njia ya katikati iliyokuwa ndefu kuliko barabara ya Nakonde. Nilipita mbele ya mchungaji, nikachuchumaa nyuma ya amplifaya, nikabonyeza swichi.

Kimya kilikuwa kibaya kuliko ule mkwaruzo. Baba alifumbua macho. Alinitazama mimi, akaitazama swichi, akageuka kuwatazama watu, na safari hii aliwatazama kweli: viganja vya mama yake vikishuka taratibu kutoka masikioni, watoto wanaobana vicheko, Mwalimu Haonga anayetazama chini. Niliona jinsi alivyokuwa akisoma nyuso zile moja moja. Mimi nilikuwa nalia, kamasi mpaka mdomoni.

"Samahani, Mwalimu," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kosa ni langu. Nilichagua transfoma ndogo kwa sababu matundu yalilingana. Kiatu hakichaguliwi kwa rangi ya kamba."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha huruma, hewa ikarudi. Mwalimu Haonga alitoa noti kwa mdomo, kwaya ikaanza upya bila chombo chochote, na ikaimba vizuri. Nasikia Ndalambo walisema baadaye kwamba ndivyo ilivyopangwa. Baba alisimama pale muda wote ameshika gitaa kimya. Aliimba pia. Nilikuwa karibu naye, nikasikia alivyokuwa nyuma ya wenzake kwa pumzi moja, akifuata midomo yao.

Tulirudi mchana ule ule. Wanakwaya walisinzia wameegemeana. Mimi na baba tulikaa mwisho, vumbi likitufuata. Nilimvuta shati ageuke anitazame usoni, kwa kuwa sasa nilijua kwamba inabidi.

"Baba, mimi nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Jana. Ndogo ilikuwa inakwaruza. Nilisikia. Nilikuwa nimechoka, sikutaka kutoboa."

Nilijiandaa kupigwa. Alitazama mashamba ya mahindi yanayokimbia nyuma yetu. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwa vumbi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba baba yangu alikuwa amechoka, na kwamba uchovu huo haukuanza siku ile.

"Mkwaruzo wenyewe ukoje?" aliuliza hatimaye.

Nikamwigia kwa ulimi na meno. Alinitazama mdomo kwa makini sana. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Hiyo siipati kabisa," akasema. Kisha, baada ya kona mbili tatu, akasema, "Usimwambie mama yako. Nitamwambia mwenyewe."

Alimwambia jioni ile ile. Mimi nilikuwa naosha vyombo uani. Sikusikia maneno, nilisikia tu mama akiita jina lake, lile la ubatizo ambalo hakuwa akilitumia, na safari hiyo alilitamka karibu sana naye, mara moja tu.

Jumatatu alirudi Nakonde, akarudisha ndogo. Tulitoboa matundu manne kwenye chuma. Nilishika mpaka vidole vikafa ganzi, wala sikulalamika. Tulipoiwasha aliniuliza, nikasikiliza mpaka mwisho, nikamwambia ukweli: iko safi. Aliitikia kwa kichwa, akaifunika, akaipeleka kwa kijana mmoja wa kwaya aliyekuwa anajifunza gitaa. Miezi michache baadaye aliacha redio, akaanza kusuka upya mota za mashine za kusaga zilizoungua. Waya unahesabiwa kwa vidole, mizunguko mia kwa mia, na mwisho unapima kwa mita. Mota ikizunguka, unaiona. Hakuna anayekuuliza inalia vipi.

Nimekuwa muuguzi sasa kwa miaka mingi. Wazee huja na mabinti zao, ukimwuliza mzee jambo anamtazama binti, na binti anajibu upesi ili waondoke, maana foleni ni ndefu na yeye amechoka. Siwalaumu. Ninajua uongo wa mtu aliyechoka, hauna ubaya wowote moyoni, unataka tu kukaa chini. Miaka mingi niliamini kwamba pale kanisani baba alinikinga, alibeba kosa langu. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba asingeweza kunitaja bila kujitaja. Kusema mwanangu alinidanganya kungekuwa ni kusema sisikii, mbele ya mama yake. Yale matundu aliyoyasingizia yalitusitiri sote wawili. Na swali lake kwa sikio langu jipya kule kibandani lilikuwa ni ombi, lililomgharimu kuliko nilivyoweza kujua nikiwa na miaka ile. Nadhani alikuwa amelibeba kwa miezi kabla ya kulitamka, na nililijibu huku natazama keekee.

Lakini wakati ule sikuyaelewa hayo, wala sikuunganisha zile mota na masikio yake. Nilichoona ni kwamba kibanda chetu kimejaa mota kubwa, na wenye mashine za kusaga wanakuja na magari. Nilitembea shuleni nikiwatangazia wenzangu kwamba baba yangu amepanda cheo, hagusi tena vijiredio, sasa anasuka mota. Siku moja niliyasema hayo nyumbani, kwa sauti, mbele ya wageni, na baba yupo pale pale amenipa mgongo. Hakugeuka. Mama aliyasikia yote. Aliinamia ungo wake, akaendelea kuchambua mchele.